Boti ya Rivasi

Kahawa anayotuuzia Felisita hapa kijiweni Nemba ilikuwa haijapoa vikombeni Malongo alipotufikia mbio, simu ameinyanyua juu. Tunamwita Redio, maana habari ikimfikia hailali kwake.

"Jamani, mmeona hii? Boti ya matanga huko ziwani imepiga rivasi mpaka nchi kavu! Imevunja vichanja vya dagaa vya watu!"

"Upepo huo," akasema Gozbert. Huyu ni Jaji. Hukumu anatoa kwanza, kesi anasikiliza baadaye.

"Upepo gani, Jaji? Matanga yamefungwa! Ni injini. Kuna fundi kaitengeneza gia, sasa boti haijui mbele ni wapi."

"Fundi huyo afungwe."

"Anyang'anywe hata bisibisi!" nikadakia, nikacheka kuliko wote. Mimi ni fundi wa pikipiki na mashine za kusaga unga, wananiita Spana. "Mafundi wa siku hizi wanatuaibisha. Mimi gia kama hiyo naisikiliza tu, naujua ugonjwa wake."

Malongo akaongeza sauti. Kwenye video mzee mmoja akasikika akipiga yowe: "Spana! Wee Spana! Zima injiniii!"

Kikombe kikanigandia mdomoni.

"Akina Spana wako wengi," nikasema.

Gozbert akaisogelea simu. "Na ovaroli zenye kiraka cha kitenge matakoni, nazo ziko nyingi?"

Wote wakaniangalia nilipokalia. Basi, nikasema ukweli.

"Boti ni ya mzee Protasi, baharia mstaafu. Ya zamani hiyo, kauziwa na Mzungu aliyerudi kwao. Gia ikang'ang'ania rivasi. Nikamwambia mzee, shikamoo, usihangaike, gia ni gia, iwe ya pikipiki au ya meli."

"Boti ulishawahi kupanda?" akauliza Felisita.

"Nimevuka mto Ruvuvu kwa kivuko."

"Macho wazi?"

"Nilifumba."

Malongo akaanza kujipigapiga mapaja.

"Siku mbili nimejikunja chini ya sakafu, kila wimbi likija natapika. Nikashusha gia boksi, nikakagua meno, nikakagua pleti za klachi, nikabadilisha oili. Vyote vizima. Nikafunga, nikamwambia mzee tayari, nimeshatengeneza."

"Umetengeneza nini, na vyote vizima?"

"Hata mzee aliuliza hivyohivyo. Nikawasha. Nikasukuma wenzo wa gia mbele kwa nguvu zangu zote. Boti ikaenda nyuma. Nikaongeza moto."

"Ukaongeza?"

"Nilidhani itabadili mawazo."

"Sasa mzee anakulilia uzime injini, kwa nini huzimi?" Gozbert akasimama kabisa.

Hapo nikashusha sauti. "Nilikuwa natafuta breki. Kwa mguu."

Malongo akateleza kwenye benchi, akabaki amekaa chini, simu kaiweka kifuani. Gozbert alicheka hadi akakohoa, kahawa ikamtokea puani. Hata mimi nilicheka, ila yaliyofuata hayakuwa ya kuchekesha.

"Mwenye dagaa anaitwa Agness. Dagaa wake wote mchangani. Alipopanda botini nilijua napigwa, nikavua kofia kabisa. Akanipita. Akainama kwenye injini, akachomoa kebo inayotoka kwenye wenzo, akashika kile kimkono cha gia pale kwenye boksi. Vidole viwili tu! Klak, mbele. Klak, nyuma. Akaniambia, 'Kaka, gia yako nzima. Kebo imeganda kwa kutu humo ndani ya mpira wake. Wewe baiskeli yenye breki za kebo hujawahi kuendesha?'"

Malongo akainuka, akarudi kwenye benchi.

"Ukajibu nini?" akauliza Felisita.

"Nilishuka nikaokota dagaa naye, mmoja mmoja, tukipuliza mchanga. Halafu nikamjengea vichanja upya. Ila kebo mpya mpaka Mwanza, na boti isingeweza kubaki pale, mawimbi yalikuwa yanaipigiza kwenye mawe. Wavuvi wakaisukuma majini, ikabidi mimi niwe kebo."

"Uwe nini?"

"Nachuchumaa kwenye injini, nashika kile kimkono. Mzee juu anapiga mguu sakafuni. Mara moja, mbele. Mbili, nyutro, isiende popote. Tatu, nyuma. Tukaitoa mpaka maji tulivu."

"Hukukosea?"

"Mara moja tu. Kumbe mzee alikuwa anaua mende."

Kilichofuata ni fujo. Waendesha bodaboda wa ng'ambo ya barabara wakaja kuuliza kuna msiba au harusi.

Felisita peke yake hakucheka. Alikuwa anafuta mikono kwenye kanga, ananitazama kwa makini.

"Spana, mashine yangu ya kusagia kahawa imekwama tangu Jumapili."

Nikafufuka. Nikakaa sawa, nikajikohoza kama fundi mwenye ofisi. "Ilete tu, dada. Kesho jioni utaikuta..."

"Naomba namba ya Agness."

Nikamsomea. Gozbert naye akatoa simu, akaniomba nirudie tarakimu tatu za mwisho.