Farasi wa Msalaba Wanakunywa Wapi?

Mamlaka ya Maji na Utamaduni ilitangaza, kwa furaha kubwa na vipaza sauti viwili juu ya pikapu, kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mpiganaji wa msalaba atakayeonekana mjini Isiolo kabla ya kuhakikiwa. Maji na utamaduni vilikuwa vimewekwa chini ya mamlaka moja kwa sababu za kiutawala. Maji yaliwasumbua sana, kwa hiyo mwaka huo waliamua kutia mkazo kwenye utamaduni.

Kazi ya kuhakiki alipewa Dabasso, Kaimu Mkurugenzi wa Usahihi wa Kihistoria. Alikuwa amekaimu muda mrefu mno, hata mkewe akikasirika alimwita Kaimu. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mamlaka alimwahidi: afanye kazi bila woga wala upendeleo, na siku ya sherehe ya kuzindua maji kule Kiwanjani neno hilo litaondolewa mbele ya watu. Tangu hapo Dabasso hakulala vizuri. Alilitaka neno lile litoke, kama mtu anavyotaka jino bovu ling'olewe.

Chanzo cha yote kilikuwa tamthilia ya runinga kutoka ng'ambo, ya zama za kale, kuhusu wapiganaji wa Ulaya waliosafiri na misalaba vifuani kwenda kupigania mji mtakatifu. Ilionyeshwa kila Jumamosi, na watu walijazana kwa Habsa, mwenye hoteli ya chai karibu na soko la mifugo, maana runinga yake ilikuwa kubwa na chai yake ilikuwa ya maziwa ya ngamia. Vijana waliwaita wapiganaji wale "jamaa wa mabati". Kila kipindi kilizua ubishi kama mambo yalikuwa hivyo kweli, na ubishi usio na ofisi, kwa maoni ya Mamlaka, ni fujo.

Dabasso akafika kwa Habsa na rula ndefu kuendesha kikao cha kushirikisha umma. Alitoa salamu, akaitikiwa, akaanza kupima panga za wapiganaji kwenye kioo cha runinga. Aligundua kwamba upanga uleule uliongezeka urefu kila kamera iliposogea, jambo aliloliona la kutia shaka sana.

Ndipo akasimama Yattani, mfugaji aliyetoka Garbatulla kuuza mbuzi.

"Mkurugenzi, mimi nauliza kitu moja tu. Hii farasi yote inakunywa wapi?"

Hoteli nzima ikageukia runinga kutafuta maji.

"Tangu watoke kwao hawajanywesha," Yattani akaendelea. "Jua ni hii, mtu amevaa chuma mpaka kichwa, na hakuna mtu anauliza kisima ni ya nani. Sisi hata mbuzi moja hainywi kabla umeuliza mwenyewe na ungoje zamu yako. Hawa wanapita tu?"

"Wallahi hata mimi imenishangaza," akadakia mchuuzi wa miraa. "Wanapigana tu, wanapigana tu."

Nywele zilimsimama Dabasso. Kosa lilikuwa kubwa kuliko panga zote. Palepale akatunga kanuni: picha yoyote inayoonyesha watu au mifugo, bila kujulikana maji yao yanatoka wapi, ni ya uongo, na chombo kinachoionyesha kitachukuliwa mpaka kosa lirekebishwe. Mwenyekiti aliipitisha kwa simu bila kuisikia vizuri, kwa kuwa alikuwa kwenye kikao kingine. Jioni ikatangazwa juu ya pikapu, na vijana wawili wa Mamlaka wakaja kubeba runinga.

"Dabasso, ndugu yangu," Habsa akasema, ameshika waya, "ukibeba hii TV unaniachia nini? Watu wanakuja juu ya picha, ndio wanakunywa chai. Ukichukua, mimi nafunga."

"Si mimi, mama. Ni usahihi."

"Huyo Usahihi anakunywa chai?" Habsa akauliza. "Sasa nitarudishiwa lini?"

"Kosa likirekebishwa."

"Na nani?"

"Na hao wapiganaji."

Dabasso aliwaandikia watengenezaji wa tamthilia kule ng'ambo, akawaomba kwa heshima waongeze kisima na mwenye kisima. Hawakujibu. Kwa Habsa wateja walipungua mpaka birika moja likawa linatosha mchana kutwa, naye akaanza kuulizia watu kama kuna anayetaka kununua viti. Dabasso alipopita mbele ya hoteli ile alitazama upande wa pili wa barabara. Roho ilimuuma, lakini lile neno lilimuuma zaidi.

Siku ya sherehe ikafika. Mwenyekiti alileta Kiwanjani skrini kubwa kama ukuta wa nyumba, ili wananchi waone picha ya mafanikio. Kando ya jukwaa ulisimama mfereji wenyewe wa bomba, umefungwa utepe. Wananchi walikuja na mitungi, mazoea tu.

Picha ilikuwa nzuri kupindukia. Maji yalibubujika kutoka mfereji ule, mtoto akaoshwa uso, ngamia akanywa mpaka akachoka, na Mwenyekiti akaonja amefumba macho. Wageni waalikwa wakapiga makofi. Habsa akainua mkono.

"Mkurugenzi, hiyo ngamia inakunywa maji ya wapi?"

"Ya hapahapa, mama," Mwenyekiti akajibu kwa tabasamu. "Mfereji si ndio huo?"

Dabasso akashuka jukwaani kwenda kuhakiki, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Akafungua mfereji. Ukakohoa, ukapiga mluzi, ukamtoa buibui. Dabasso akangoja kwa utulivu wa kitaalamu.

"Labda imeingia hewa," Mwenyekiti akasema.

"Kwa picha mbona hakuna hewa?" Yattani akauliza kutoka nyuma.

"Ile maji ya picha ilikuja na lori!" mama mmoja akapaza sauti. "Walimaliza kupiga picha, lori ikaenda na maji yake!"

Dabasso akamtazama Mwenyekiti, na Mwenyekiti akamkazia macho bila kupepesa. Hapo Dabasso akaelewa kila kitu. Huu ndio ulikuwa mtihani wenyewe! Mheshimiwa, kwa hekima yake, alikuwa amejitoa mhanga ili kumpima kaimu wake kama kweli hana woga wala upendeleo. Machozi yalimlengalenga. Akashika kipaza sauti, akaisoma kanuni yote, akaamuru skrini ichukuliwe.

Vijana walewale walioibeba runinga ya Habsa wakaipakia skrini kwenye mkokoteni kwenda kuifungia stoo ya Mamlaka, kwa sababu amri waliyoijua ni hiyo moja. Waandishi wa habari walikuwa wakipiga picha, kwa hiyo Mwenyekiti akapiga makofi.

Habsa alikuwa bado amesimama. Akampa Dabasso simu ya mpwa wake. Kipindi cha mwisho cha tamthilia kilikuwa kimeshatoka huko ng'ambo, na jamaa wa mabati walikuwa wakianguka mmoja mmoja kwenye vumbi, ndimi nje, jeshi zima limeshindwa na kiu.

"Kumbe hawakukosea," Dabasso akasema taratibu. "Hawakuwa na maji, na picha inasema hawana."

Runinga ikarudi jioni hiyo, imepigwa muhuri pembeni: SAHIHI KABISA. Mpaka leo hakuna chombo kingine cha picha mjini chenye muhuri huo.

Jumamosi hoteli ilifurika. Hata Mwenyekiti alikuja, maana kumbe na yeye alikuwa akifuatilia, akapewa kiti cha mbele. Dabasso akamsogelea, akamnong'oneza, "Mheshimiwa, kuhusu lile neno..." Mwenyekiti hakugeuka. Kwenye runinga kiongozi wa wapiganaji alidondoka kutoka kwenye farasi, akinyoosha mkono aombe maji. Mwenyekiti akameza mate.

"Habsa," akasema, "hebu niletee maji ya kunywa."

Habsa akaifuta meza yake vizuri, pole pole.

"Maji yako imefungiwa stoo, Mheshimiwa. Iko ndani ya ile picha."

"Hiyo ni sahihi kabisa," Kaimu Mkurugenzi akathibitisha.