Mwanangu Mliyenirudishia Siye Niliyewapa

Nshamba, Muleba
29 Novemba 1973

Ndugu Meneja wa Kiwanda cha Nguo,

Baada ya salamu za heshima, nakukumbusha kwamba mwaka 1966 nilimpandisha meli pale Bukoba kijana wangu Datius, aje Dar es Salaam kufanya kazi kwenu. Niliwakabidhi mwanamume kamili. Wiki mbili zilizopita alikuja likizo, nami nasikitika kukuarifu kwamba mmemharibu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Siku aliyofika hakukaa hata kidogo. Alikunja mikono ya shati, akaingia jikoni, akamenya ndizi. Mimi babaye ni hai, nimekaa sebuleni! Kwetu mwanamume hupanda mgomba na kukata mkungu. Kumenya si kazi yake. Nilipomhoji, alisema huko mkewe Joviana naye huenda kazini, kwa hiyo anayewahi kurudi ndiye anayepika. Ndugu Meneja, huo ndio Ujamaa mnaoujenga?

2. Anamenya haraka. Hili limeniuma zaidi, maana laonyesha hakuanza jana.

3. Msimu huu wa senene, panzi wetu wa kuliwa, ndio umenimaliza. Mke wangu Ephrasia amenikamatia na kunikaangia senene miaka thelathini na minne bila kuonja hata mguu, kwa kuwa kwa desturi yetu mwanamke hali senene. Datius akawagawa sahani mbili sawasawa, yangu na ya mama yake. Mama mtu akaonja, akamaliza. Kisha akaniuliza kwa adabu kabisa ni vitu gani vingine nimekuwa nikimsaidia kutokula. Kuku na mayai, ambavyo navyo ni mwiko kwa wanawake wetu, sikuvitaja.

4. Jumapili baada ya misa, Datius alinipa karai la maganda nikalimwage kibanjani, kwenye shamba letu la migomba. Nikapokea! Jirani yangu Mzee Lwakatare alikuwa anapita mpakani, ikabidi nichuchumae kwenye mibuni. Naye akasimama kuwasha kiko. Ugonjwa umenifikia mimi ambaye hata Mwanza sijafika.

Kwa hiyo naomba mumtengeneze upya, awe kama alivyoondoka. Pia wanaume wote watokao Dar wazuiliwe bandarini Bukoba siku kumi na nne, kama ng'ombe wenye homa, mpaka wasahau kushika visu. Haya si maombi makubwa.

Nisalimie wafanyakazi wote, wa mashineni na wa ofisini, pamoja na mkeo, kama naye haendi kazini.

Ni mimi mzazi niliyekosewa,
Karugendo

Nyongeza: Nimesahau kutaja kwamba Ephrasia alivunjika mkono wa kulia mwezi wa Oktoba, na mpaka Datius alipofika tulikuwa tunaishi kwa ndizi mbivu na mihogo ya kutafuna. Likizo yake inaisha tarehe 20 Desemba. Tafadhali sana mwongezee mwezi mmoja, na msimtengeneze. Jana nilijaribu kupika mwenyewe, nikajikata vidole viwili, ndiyo maana barua hii ameiandika Datius. Ameandika yote niliyosema bila kupunguza neno, na sasa ameinuka kumchemshia mama yake maji ya kuoga.