Mulinzi wa Mawe ya Kale, Unirudishie Ndoyi Wangu

Kisangani, commune ya Tshopo, tarehe 14 ya mwezi wa sita

Kwa Muheshimiwa Mulinzi wa Mawe ya Kale,
huko kando ya bahari, inchi yoyote uliyomo.

Muheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima, ijapokuwa sikujui na hujanitendea mema. Mimi ni Alphonsine, mujane wa papa Nephtali aliyekuwa muvuvi, mama wa watoto watano. Naandika kwa mukono wangu mwenyewe. Shuleni nilifika mwaka wa tatu tu, na Swahili ya kuandika nimeichukua katika Biblia. Ukikuta neno kubwa mahali padogo, uvumilie.

Bon. Kitinda mimba wangu, Émile, anakaa Liège, kule Ubelgiji, na muke wake Vicky na watoto wao wawili. Miaka kumi na moja sasa hajakanyaga hapa. Jumamosi alinitumia sauti katika simu. Alisema hivi: «Mama, vacances, likizo ya watoto ya mwaka huu, tumeshaamua. Tunaenda plage, watoto waogelee, kisha waone ruines, mawe ya zamani kabisa. Ndoyi yako hata kulala halali kwa furaha.» Hapo simu ikazima, kwa sababu courant ya umeme katika avenue yetu imekosa tangu alhamisi. Sauti ilikuwa ingali na sehemu mbele, lakini niliyosikia yalinitosha. Mutu aliyeumwa na nyoka hangoji kuona mukia.

Nilimwendea jirani yangu Priscille anifasirie hizo ruines. Priscille amefika Kinshasa mara mbili, kwa hiyo anajua Ulaya yote. Akanieleza kwamba ni nyumba ambazo wenyewe walikufa zamani, hakuna aliyezitengeneza tena, na watu wanatoka mbali kuja kuzipiga picha. Nikamuuliza kama ndani kuna mutu. Akasema hakuna. Nikamuuliza kama kuna sufuria. Akasema hata jiko hakuna. Nikakaa chini.

«Mama Alpho, unaonea mawe wivu?» akaniuliza.

Nikamwambia wivu ni wa wasichana. Mimi nina malalamiko, na malalamiko yanaandikwa. Ni haya:

1. Kuhusu ndoyi wangu. Labda kwenu hakuna neno hili, kwa hiyo nakufundisha. Ndoyi ni mutu mwenye jina lako. Binti wa kwanza wa Émile anaitwa Alphonsine, kama mimi, donc yeye ni mimi na mimi ni yeye, na hakuna wa kumupigia kelele mbele yangu. Lakini jina linapewa kwa mukono. Mwenye jina anamukalisha mutoto karibu, anamulisha samaki kwa vidole vyake, anamuwekea mukono juu ya kichwa. Bila hiyo mutoto anavaa jina kama nguo ya kuazima. Ndoyi wangu ana miaka tisa. Mimi nimemuona ndani ya simu tu, na zaidi ni paji la uso, maana simu anaishika vibaya. Alafu sasa atatoka aende kusalimia mawe yako kabla ya kunisalimia mimi. Nani aliyapa mawe haki ya kutangulia?

2. Kuhusu plage. Tuna plage, Muheshimiwa. Muto Tshopo unapita hapa nyuma, na chini ya pont, daraja letu, kuna muchanga mweupe ambao siku ya Mungu, baada ya kanisa, unajaa watu hata huoni pa kuweka muguu. Kuna muziki, kuna samaki wa liboke anayefuka moshi ndani ya majani aliyofungiwa. Priscille anasema maji ya kwenu yana chumvi. Nilidhani anatania. Kwetu maji ya chumvi tunaweka samaki, hatuweki wajukuu.

3. Kuhusu kuta za zamani. Kama Émile anatafuta kuta zilizochoka, angeniuliza. Nyumba hii papa Nephtali aliijenga mwenyewe, tofali moja moja, kati ya msimu mumoja wa samaki na mwingine. Ukuta wa jiko ulianguka siku ya Pasaka, wakati tunaimba kanisani, namushukuru Mungu. Dirisha moja limefungwa kwa waya. Katika ufa wa sebule anakaa mjusi ambaye bibi yake pia alikaa pale. Mulango wa mbele haufunguki mpaka uuinue kidogo kabla ya kusukuma, na mugeni asiyejua anaweza kubisha hapo mpaka mvua imukute. Kitega cha samaki cha marehemu kingali kimetundikwa ukutani na magamba yake. Hakuna hata mutu mumoja aliyekuja kupiga picha.

Nakubali, mawe yako ni mazee kuliko yangu. Lakini yako yaliachwa. Nyumba yangu haikuachwa, kwa sababu mimi sijafa. Alors, hilo ndilo kosa langu?

4. Kuhusu kofia. Juma lililopita Vicky alituma picha, wote wamevaa kofia pana za jua, wanacheka. Watu wane. Lakini juu ya meza nyuma yao niliona kofia ya tano. Nikahesabu tena. Priscille naye akahesabu. Nimefikiri sana na nimeona kwamba ni zawadi yako, kofia ya mulinzi, kwa kazi ya kuangalia mawe juani. Haya, wewe hata kofia utapata. Mimi niliyemuzaa nachungulia paji la uso.

Kwa sababu hizo nakuomba, kwa unyenyekevu wote, mambo haya.

Kwanza, ufunge mawe yako mwezi wa saba na wa nane. Uweke kibao mulangoni: «Mawe yamepumzika. Nenda ukasalimie mama yako.» Mawe yamengoja miaka elfu, miezi miwili haitayavunja.

Kama haiwezekani, basi uniandike mimi katika orodha ya vitu vyako. Nina miaka sabini na tatu. Goti la kushoto linalia kama mulango ule, meno matatu ya juu yameanguka, na hakuna aliyenitengeneza tangu papa Nephtali afe. Nafikiri nimetimiza masharti. Nitakaa juu ya kiti changu mbele ya nyumba, nipigwe picha. Kama ruines haziruhusiwi kusema, uniambie mapema, maana hapo nitahitaji mazoezi.

Na kama shida yako ni kwamba nyumba yangu ingali na mutu ndani, mimi niko tayari kutoka. Priscille atanipa kitanda. Misimu miwili ya mvua, paa litakuwa chini, majani yatapanda mpaka dirishani, na Émile ataleta watoto na kofia zao kuona mahali bibi alipokuwa. Ni jambo moja tu linanishinda, na naomba unishauri wewe mwenye ujuzi: siku hiyo ndoyi wangu atalishwa samaki na nani?

Umusalimie muke wako, watoto wako, wale wanaofagia kati ya mawe, na mawe yenyewe kama yamezoea kusalimiwa. Priscille anakusalimia pia, ingawa anasema hutanijibu.

Ni mimi, mwenye haki na magoti mabaya,

Alphonsine, mwenye jina

N.B. Muheshimiwa, nilikuwa nakunja karatasi wakati courant iliporudi. Priscille alichomeka simu, tukasikiliza sauti yote. Émile anaendelea hivi, na kicheko: «Plage ya Tshopo, mama, pale chini ya pont. Na ruine ni nyumba ya papa, nimesikia ukuta wa jiko umelala. Tunafika tarehe tano ya mwezi wa saba, nitausimamisha mimi mwenyewe.» Nyuma yake mutoto mwanamuke anasema, kwa Swahili yenye pua ya Kifaransa: «Ndoyi, kofia yako iko tayari.»

Priscille alicheka mpaka akashika ukuta. Nikamwambia asiushike.

Kwa hiyo barua hii haitatumwa, imekwisha kufika. Kofia ilikuwa ya mulinzi, kama nilivyosema. Nimepokea malalamiko yangu, nimeyasoma, na ombi la kufunga nimelikataa. Mawe yatakuwa wazi mwezi wa saba na wa nane, na samaki motoni. Kuhusu kuiita nyumba ya baba yake ruine, Émile atanieleza akiwa amesimama, simenti mukononi.

Wakitangulia kufika nikiwa sokoni, wasibishe bure. Wauinue mulango kidogo, ndipo wasukume.