Akina Ponsiano Watano

Jumatatu, 13 Januari
Makadirio ya kodi yamenitoa jasho. Onesmo, anayekodisha viti kama mimi hapahapa Misugusugu, ana viti mara mbili ya vyangu, tena vyenye vitambaa, lakini amekadiriwa kidogo! Eti alikwenda mwenyewe ofisi ya kodi, akaeleza biashara yake, bure. Bure! Lazima ana mtu. Nami nitatafuta wangu. Petronila, mke wangu, asisikie.

Jumanne, 14 Januari
Nimempata! Kisarawe, mbali na macho ya Onesmo. Anaitwa Hussen, mshauri wa kodi, anakaa chini ya mwavuli mwekundu karibu na stendi. Tai, kalamu tatu mfukoni. Nikauliza ofisi iko wapi. Akasema ofisi ni yeye. Jibu zito. Akachukua namba yangu ya kitambulisho cha NIDA, picha, sahihi kwenye fomu tupu (atajaza akitulia), kisha kidole kwenye mashine kama ile ya kusajilia laini. Mara nne! Kidole hakisomi, akasema, futa jasho. Mtu makini sana. Risiti itafuata.

Jumatano, 15 Januari
Petronila amejua. Akauliza jina kamili la Hussen, risiti, na kwa nini nilisaini fomu tupu. Nikamwambia asilete ualimu nyumbani. Lakini kweli, kodi inataka kidole cha nini? Nimewaza siku nzima.

Ijumaa, 17 Januari
Balaa. Amekuja mama mmoja wa Soga, Hajra, na shemeji zake wawili. Anadai vifaranga mia mbili. Aliona tangazo la Ponsiano wa Misugusugu, akatuma pesa, na jina lililotokea kwenye simu ni langu, yote matatu. Niliapa. Wakapakia viti vyangu themanini, hadi nilipe. Na kesho nina harusi!
Petronila akanionyesha jinsi ya kuhakiki laini kwa namba yangu ya NIDA. Zipo tano. Mimi ninayo moja. Hao wanne ni akina nani? Wanaishije? Namba ambayo Hajra aliitumia pesa ninayo.

Jumamosi, 18 Januari
Nimejipigia. Akapokea, akasema Ponsiano hapa. Sauti nzuri kuliko yangu! Nikamwamkia shikamoo kabla sijafikiri, akaitikia marahaba bila haya. Akaniuliza habari za nyumbani. Nilikusudia kumtukana, lakini ana adabu mno. Akaniambia vifaranga vinafika Jumatatu, na kesho bei inapanda. Nikaagiza hamsini. Wasiwasi uliniisha nilipoona jina la mpokeaji: langu mwenyewe.
Viti vya harusi amepeleka Onesmo. Vyenye vitambaa.

Jumatatu, 20 Januari
Hakuna kifaranga. Petronila akanishika mkono kama mtoto wa chekechea: polisi kutoa taarifa, kisha kufunga laini nne, kisha ofisi ya kodi Kibaha. Dada wa dirishani, Aneth, akatazama, akaniambia ninamiliki pia biashara ya vifaranga Soga. Inaendeshwa vizuri? Nilitaka kujua. Petronila akanikanyaga mguu. Aneth akanisaidia kujaza fomu ya pingamizi, nusu saa, hakuchukua hata senti.
Jioni Petronila akamlipa Hajra kwa akiba yake ya mabati. Viti vimerudi. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Nimeona aibu sana.

Alhamisi, 23 Januari
Nimekwenda Kisarawe kumkamata Hussen. Hayupo. Chini ya mwavuli uleule mwekundu kuna bwana mwingine, Yahya. Akasema Hussen ni tapeli, anamjua vizuri, na kwamba yeye kazi yake ni kuwasaidia tulioibiwa. Anapima kama kidole bado ni chako au kimeshakwenda. Sikuwahi kujua kipimo hicho kipo!
Nikabonyeza mara sita. Hussen alibonyezesha nne tu. Huyu ndiye mtaalamu.
Petronila asisikie.