Dagaa Wasioguswa na Inzi

Jumamosi, 3 Mei
Wametumaliza! Afisa uvuvi kapita mwaloni hapa Ujiji, mitumbwi inaposhusha samaki, katangaza: dagaa walioanikwa mchangani hawavuki mpaka tena. Lazima waanikwe kwenye chanja, juu ya ardhi. Babu yangu alianika mchangani, watu wakala, wakazaa. Mama Révérienne wa Bujumbura, anayenunua mzigo wangu wote, alikuwa palepale. Akasema hata kwao wanarudisha magunia yenye mchanga. Atapita Ijumaa, nisipokuwa na dagaa wa chanja, ananunua kwa mwingine. Na katikati ya mwezi ziwa linafungwa, samaki wazaliane. Nikimkosa huyu mama, miezi mitatu nyumbani tutakula nini? Matangazo?

Jumapili, 4 Mei
Mahubiri sikuyasikia, nilikuwa napiga hesabu. Chanja inataka wavu wa waya, bei yake inatia homa. Inataka miti. Miti haikatwi bila kibali. Kibali kina ada. Yaani nitunze mazingira, na mazingira yenyewe yanitoze!

Shemeji yangu Skolastika, mdogo wa mke wangu, anazo chanja nne. Alipozijenga nilimcheka hadharani, nikamuuliza kama dagaa wake wanalala kitandani. Biashara nilimfundisha mimi! Leo kaniamkia kwa adabu zote, shikamoo shemeji, akasema moja iko tupu, nianike, tutaelewana. Tuelewane nini? Bora nife.

Jumatatu, 5 Mei
Akili ni mali! Vyandarua! Vile vya bure, vya dawa, bado vimo kwenye mifuko yake. Kule mtaa wa Katubuka kila nyumba vimekaa juu ya kabati. Nimevikusanya kwa maneno matamu, nikasema ni vya yatima. Nimevitandaza juu ya vitanda vibovu vya kamba. Waya hakuna, mti hakuna, kibali hakuna, chanja ipo. Mke wangu Agnesi kauliza je, ile dawa? Nimemjibu dawa ni ya mbu, dagaa si mbu.

Jumatano, 7 Mei
Ajabu ya Mungu! Hakuna inzi anayesumbua dagaa wangu. Kwa Skolastika wanapunga kanga kutwa nzima. Kwangu kimya. Nimepita kwake makusudi, nikamshauri aongeze usafi. Akaendelea kupunga kanga. Wivu huo!

Ijumaa, 9 Mei
Siku ya nuksi. Mama Révérienne alitafuna dagaa mmoja, hamna mchanga, akatabasamu. Nikaanza kufunga magunia. Kumbe kainama. Chini ya vitanda inzi wamekufa, wametapakaa kama ufuta. Akatema. Akanusa chandarua. Akasema oya, oya, yaani hapana kwa Kirundi, huyu bwana anataka kuniulia watu. Akamwita afisa. Afisa akaamuru nifukie magunia yote sita.

Na huyo mama? Moja kwa moja kwa Skolastika. Kabeba mzigo wote, na wameshaahidiana hata ziwa likifunguliwa. Alikuwa ananunua kwangu tangu mtoto wangu wa kwanza anatambaa! Nimeumia. Nimeumia kweli. Wa kulaumiwa ni afisa na hizo sheria zake.

Jumamosi, 10 Mei
Jana nilifukia magunia mawili, afisa akapigiwa simu, akaondoka. Manne yako uani. Kutwa nimewaosha dagaa kwa maji ya ndimu, nikawaanika upya. Wananukia!

Skolastika katuma salamu kwamba anahitaji mtu wa kugeuza dagaa, niende. Nimekataa. Agnesi kakubali kwa niaba yake mwenyewe, anaanza Jumatatu. Aende! Mimi kesho nawauzia watu wa boti za Kongo, wale hawainami chini ya vitanda.

Agnesi akasema hao nao wana watoto. Nikamwambia dawa imetoka yote, dagaa ni salama kabisa. Akachota bakuli la dagaa haohao, akawaunga kwa mawese, akanitengea na ugali, akakaa mbele yangu. Nikasema nimeshiba. Akauliza nimeshiba nini. Nikasema hasira. Sijatia kitu mdomoni tangu jana. Bariki, kitinda mimba wetu, akanyoosha mkono kwenye bakuli. Nikampiga kofi la mkononi, bakuli likapinduka, mawese mkeka mzima. Mtoto analia. Agnesi ananitazama tu.

Nimetoka uani kufunga magunia. Alfajiri niko Kibirizi, boti za Kongo zinakotia nanga.