Kumtembeza Bi Mkwe Visiwani

Jumatatu, 6 Oktoba

Maimuna bado amesusa. Yuko kwa mamake, mtaa wa pili tu, na nikipita nje (kwa makusudi) namsikia akicheka. Ameondoka na nguo zake, karai, na mito yote miwili ya kitandani. Yote miwili! Nalalia shati lililokunjwa.

Kisa chenyewe ni kaa. Kaa tu. Nilikuwa nawanenepesha bafuni niwauzie mahoteli ya Diani, mpango safi usio na doa, mpaka shangazi yake akaja kututembelea na akaingia kutawadha. Kidole kilikuwa cha shangazi lakini kaa alikuwa wangu, basi lawama zote zikaniangukia mimi.

Leo nimetuma salamu kupitia kwa Biasha, dada yake. Majibu: Maimuna hasemi nami, na mwenye kuamua kama atarudi ni mama yao, Bi Mwanapili. Mtihani huo! Kwetu mume hamtazami usoni mama wa mkewe, hali chakula mbele yake, na wakikutana njiani humpisha. Mimi nimewahi kumpisha mpaka nikaingia mtaroni. Tangu nioe ninachokijua kwake ni viatu. Sasa nitambembelezaje?

Jioni Biasha akanidokeza jambo. Mama ameonyeshwa kwenye simu video ya familia moja huko Karibiani, watoto mpaka bibi zao, wamo kwenye meli inayowashusha kisiwa hadi kisiwa, wanapokewa kwa madafu. Mama akauliza kwani sisi visiwa hatuna? Madafu hatuna? Kisha akashusha pumzi ndefu.

Pumzi hiyo ndiyo mlango wangu. Nitamtembeza visiwani na ukoo wake: Funzi, Wasini, Kisite. Atashuka chomboni akisema mchukue mkeo, Amin.

Jumanne, 7 Oktoba

Meli imepatikana. Kwa sasa ni boti ya mashine ya Tsuma, hubeba dagaa kutoka Vanga. Nimemtengenezea dukani kwangu simu yake iliyoanguka majini, naye amekubali kutupeleka Jumamosi. Akaniuliza kama abiria wangu hawajali harufu. Nikamwambia harufu niachie mimi.

Habari mbaya: mwanyumba wangu amesikia. Abdulrahim, mume wa Biasha. Sisi tumeoa dada wawili, na siku zote yeye ndiye mkwe mwema. Kazi yake ni kulinda bwawa la kuogelea katika hoteli moja ya Diani, na firimbi yake haivui hata harusini. Amepiga simu kusema lazima aje, kwa usalama wa Mama. Ati atakuja na vifaa. Vifaa gani? Bahari ni yangu, mpango ni wangu, na mke aliyesusa ni wangu. Yeye wake yuko nyumbani anampikia.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kutwa nzima ufukweni Msambweni. Nimesugua boti kwa sabuni na ndimu. Dagaa hatoki. Nikafukiza udi. Sasa boti inanukia dagaa aliyealikwa harusini.

Nimeazima kiti chenye mito kutoka kwa jirani, nikakiweka nyuma, mahali pa heshima. Ubao wa nyuma ya kiti nimeupaka rangi nyeupe na kuandika MAIMUNA kwa herufi kubwa nyeusi. Akiliona jina lake atalainika. Tsuma akasema rangi hii ya mafuta haikauki upesi kwenye unyevu wa bahari. Tsuma ni nahodha, rangi anajulia wapi?

Ijumaa, 10 Oktoba

Baada ya sala nimepeleka mwaliko rasmi. Shughuli pevu! Bi Mkwe siwezi kusema naye ana kwa ana. Maimuna hataki kusema nami. Kwa hiyo mimi nasimama ukumbini, namwambia Biasha, Biasha anamwambia Maimuna, Maimuna anamwambia mama, na wote wako chumba kimoja nyuma ya pazia, wananisikia vizuri kabisa. Jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo. Mama amekubali. Mama anauliza aje na nini. Nikasema aje na nafsi yake tu, mengine yote nimeyafikiria.

Nimeyafikiria kweli. Madafu, maji, mwavuli, biskuti. Biasha atapika pilau. Sioni kilichosahaulika.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nitajaribu kwenda kwa mpangilio.

Bi Mkwe alifika asubuhi na binti zake. Viatu vya buluu, vipya. Akaketi kwenye kiti cha heshima, akaegemea. Baadaye Biasha akanong'ona kwamba jina la Maimuna limehamia mgongoni kwa mama yake, kwenye buibui la Idi, nalo linasomeka kinyume. Rangi haikukauka. Tsuma alikohoa tu.

Mimi kwa adabu nikaenda kukaa mbele kabisa, kichwani mwa boti, mgongo kwa Bi Mkwe, uso kwa Tanzania. Ndiyo nafasi ya mkwe. Lakini Abdulrahim naye ni mkwe! Akaja na begi lake na firimbi yake, akajisukuma pale pale. Nikamwomba arudi nyuma kidogo. Akasema nirudi mimi. Hakuna aliyekuwa tayari kushindwa adabu. Tukabanana kama mihogo miwili kwenye kikaango kimoja, mawimbi yakitupiga usoni.

Nyuma yetu sinia likafunuliwa. Pilau! Harufu yake ikapita juu ya dagaa na udi, ikaja kutusimamia puani. Hatukuweza kula, Mama yupo. Tumbo langu likanguruma. La Abdulrahim likajibu, naye akapuliza firimbi kulifunika.

Tsuma akapiga kelele: boti imezidiwa mbele, mmoja wenu arudi nyuma! Nikamtazama Abdulrahim. Abdulrahim akanitazama. Tsuma akapiga kelele tena. Tukakaa. Basi karibu na Funzi tukapanda fungu la mchanga, na maji yalikuwa yanakupwa. Boti ikakaa kitako. Tsuma akazima mashine, akatuambia sasa mnaweza kukaa mbele mpaka alasiri.

Halafu minong'ono. Maimuna kwa Biasha, Biasha kwa Tsuma, Tsuma kwangu: Mama ana shida. Shida gani? Shida tu. Nikauliza tena, shida gani? Tsuma akanikazia macho mpaka nikaelewa.

Choo! Ya Rabi, choo! Zile meli za Karibiani bila shaka zina vyoo. Kwenye mipango yangu yote, madafu yamo, mwavuli umo, lakini hilo halikunijia. Na mama wa watu yuko katikati ya bahari na wakwe wawili, hawezi hata kulitamka. Nilitamani kaa anibane mimi, kwenye pua.

Hapo Abdulrahim akafungua begi. Vifaa! Akatoa bata. Bata wa plastiki wa manjano, wa kupuliza, wale wanaopandwa na watoto wa wageni hotelini, ana kope kabisa. Akampuliza mpaka akawa mkubwa kama kitanda. Akatangaza kwa sauti ya kusikika nyuma kwamba Mama atapanda hapa na yeye atamvuta mpaka nchi kavu. Nikasema tutamvuta sote wawili, na kamba nitaifunga mimi. Mpango ni wangu.

Bi Mkwe alipanda bata. Naambiwa tu, mimi nilikuwa natazama Tanzania. Naambiwa alipanda kwa heshima zake, mwavuli mkononi, wala hakulalamika.

Tukashuka majini, maji kiunoni, kamba begani, macho mbele. Tukavuta. Mwanzo ilikuwa kazi. Katikati ikawa rahisi. Nikamwambia Abdulrahim umeona ninavyovuta? Akasema anayevuta ni yeye. Tukafika mchangani tukiwa tunashindana kwa kasi. Nikasimama, nikageukia mikoko, nikasema kwa unyenyekevu, karibu Funzi, Mama.

Hakujibu. Tukangoja. Abdulrahim akasema labda anajitengeneza. Nikakubali. Hakuna aliyegeuka. Kutoka kwenye boti wakaanza kupiga kelele na kupunga mikono, tukadhani wanatusifu, na Abdulrahim akawapungia. Mwishowe Tsuma akaja mbio majini, akatushika mabega, akatugeuza kwa nguvu.

Kamba ilikuwa tupu. Bata hayupo. Bi Mkwe hayupo.

(Fundo nililifunga mimi. Hili si lazima lijulikane.)

Niliogopa. Naandika kama ilivyokuwa. Haikuwa tena habari ya kurudishiwa mke. Nilimwogopea mama yule niliyemjua kwa viatu vyake tu, aliyeniamini akaja na nafsi yake. Maimuna alikuwa ameshashuka botini, buibui mkononi, anakuja mbio. Akanipita bila kunitazama, na uso wake sitausahau. Nikamfuata nikilia waziwazi. Abdulrahim akatufuata akipuliza firimbi, sijui akimwita nani.

Nyuma ya mikoko tukamkuta. Maji yalimzungusha taratibu mpaka walipokuwa wanawake wa Funzi wanaookota chaza, wakamvuta, wakampeleka alikotaka kupelekwa, wakampa chai na mahamri. Bata alikuwa amefungwa kwenye mkoko kama mbuzi. Na Bi Mkwe anawahadithia. Nikajificha haraka nyuma ya mti nisimtazame. Lakini nilimsikia akicheka. Anacheka vile vile kama Maimuna! Sikujua.

Wasini na Kisite hatukufika.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimeitwa kwa Bi Mkwe. Nimekwenda nikiwa nimeoga mara mbili na nimejiandaa kwa talaka. Nikaketi barazani. Abdulrahim naye ameitwa, kaketi upande wa pili, firimbi mfukoni. Pazia la mlangoni likatikisika, na kwa mara ya kwanza tangu nioe, Bi Mkwe akasema nasi mwenyewe, bila mjumbe.

Akasema kamba ilipoachia alituita. Alituita kwa majina, kwa sauti. Akaona migongo miwili inazidi kwenda. "Nikasema moyoni, hawa wanangu watanipoteza baharini, lakini kunitazama hawatanitazama. Basi nikafungua mwavuli wangu."

Nilitaka ardhi inimeze. Kisha akaendelea. Akasema wakwe wa siku hizi wanaingia mpaka jikoni kufunua vyungu, na wengine wanamwita mama mkwe kwa jina. Adabu kama yetu hajaiona tangu ujana wake. Ujinga upo, akasema, ujinga upo mwingi sana, lakini ujinga wenye adabu mtu anaweza kuishi nao. Amin amchukue mkewe. Na yule bata abaki hapa, miguu inamuuma, anataka kupumzikia uani.

Abdulrahim akabadilika rangi. Bata ni mali ya hoteli! Atakwenda kusema nini? Nikamwombea dua kimoyomoyo, dua fupi.

Njiani Maimuna alinisemesha. Nimesubiri maneno hayo mpaka nimekonda. Akasema: "Kaa wakikanyaga tena nyumba yangu, hutaniona. Niapie." Nikamwapia pale pale njiani, mkono kifuani, watu wakipita. Akacheka. Akasema aliponiona nikilia kule Funzi, hasira ilimwisha. Nilifurahi hadi nikajikwaa.

Amerudi na nguo, karai, na mto mmoja. Wa pili ameuacha kwa mamake mpaka auone mwenendo wangu. Tunalalia mmoja, yeye upande mnene.

Jumatano, 15 Oktoba

Mto wa pili umerudi leo! Maimuna ameuleta na foronya mpya. Amesema ameridhika, nimetulia, siku hizi mume wake anakwenda kazini na kurudi. Amenipikia wali wa nazi. Nimekula mpaka nimelegea. Hakika nimekuwa mtu mwingine. Nimejua sasa kwamba amani ya nyumba ni kubwa kuliko mpango wowote.

Kwa hiyo nimefikiri kwa utulivu sana. Kosa la mara ile halikuwa bafu. Bafu ni zuri, lina kivuli na maji. Kosa lilikuwa magando. Pweza hana magando. Nimemkagua mikono yote. Tena mahoteli yanamtaka zaidi, na kiapo changu kilitaja kaa peke yake, pweza hakutajwa hata kwa mbali.

Watatu wameingia alasiri, Maimuna akiwa kwa mamake. Pipa lao la bafuni lina kifuniko. Juu ya kifuniko nimeweka jiwe. Safari hii kila kitu nimekifikiria.

Namsikia Maimuna anarudi, na shangazi yake yuko naye. Shangazi anaomba maji ya kutawadha.

Mto wangu nimeshauficha dukani.