Vichwa Mia kwa Joho Moja

Jumanne, 10 Septemba

Aibu! Mwalimu wa taaluma amebandika ubaoni orodha ya wanafunzi ambao hawajatimiza masharti ya kuhitimu. Jina langu ni la kwanza. Nikajipa moyo kwamba majina yamepangwa kwa alfabeti. Wapi! Yamepangwa kwa uzito wa mapungufu.

Darasa letu ni la watu wazima tulioacha sekondari njiani. Alasiri watoto wakitoka, tunaingia sisi, magoti yakigonga madawati. Mke wangu ndiye aliyetuandikisha wote wawili, miaka miwili iliyopita. Yeye hayumo kwenye orodha. Mimi nina mapengo manne: vipindi ishirini nilivyokosa, majaribio mawili ya hisabati, mradi wa sayansi, na saa ishirini za kujitolea. Mwisho ni Ijumaa tarehe 27. Ukipungukiwa hata na kimoja, siku ya mahafali hupandi jukwaani.

Na mama mkwe ameshatangaza kwamba anakuja. Jana kapiga simu, kauliza kama nami nitakuwepo, ili mke wangu akiitwa jukwaani apate mtu wa kumshikia pochi. Pochi! Miaka kumi na minne ya ndoa, bado ananiona msumari wa kutundikia vitu. Lazima nihitimu.

Leo pia nimegundua kwamba ile karatasi ya ukutani jikoni si ratiba ya gesi. Ni orodha ya masharti. Mke wangu amekuwa akiweka alama ya vema kwa kila alilotimiza, na mimi nimepita mbele yake miaka miwili nikifuata chai.

Alhamisi, 12 Septemba

Mpango wa kwanza. Mimi ni kinyozi, na kila mkubwa ana kichwa. Nimemwalika mwalimu wa taaluma kwenye kiti changu. Kijana tu, nilimnyoa kabla hajaanza shule, akalia mpaka shuka likalowa. Leo nimempa kila kitu: taulo la moto, poda, kukandwa mabega. Wembe ulipofika kooni, nikachomeka kwa upole suala la vile vipindi ishirini. Akanyamaza kabisa. Nikajua ameridhika.

Nilipoondoa wembe akashusha pumzi. Akakataa kunyolewa bure, akalipa bei kamili, akasema njia ipo: vipindi viwili kila asubuhi, saa kumi na mbili kamili, kuanzia Jumatatu hadi tarehe 27. Vya hisabati. Anafundisha yeye mwenyewe. Nimejipalia makaa, na mikono ilikuwa imeshalowa spiriti.

Jumamosi, 14 Septemba

Leo nimekuwa na akili za ajabu. Saa za kujitolea: nimenyoa bure watu wa shuleni. Kichwa kimoja, saa moja. Vichwa ishirini, saa ishirini! Nimeanza saa mbili asubuhi, saa sita mchana nimemaliza, nikajaza fomu.

Mwalimu wa taaluma akauliza saa ishirini zimeingiaje kati ya saa mbili na saa sita. Nikamjibu kwamba nilijituma sana. Akaniambia nipige hesabu: nimenyoa vichwa vingapi kwa saa, na vimebaki vingapi. Kabla sijapata kalamu, mke wangu, aliyekuja kunisubiri, akajibu kwa sauti kutoka dawati la nyuma. Vitano kwa saa. Bado saa kumi na sita. Bado vichwa themanini.

Sikuzungumza naye njia nzima. Yeye hakuonekana kujali, alikuwa anapiga mluzi.

Jumanne, 17 Septemba

Mradi wa sayansi. Mke wangu alishafanya wake mwaka jana: makopo mawili ya maji juani, moja jeusi, moja jeupe, apime lipi linapata joto haraka. Daftari lake liko kabatini. Mume na mke ni kitu kimoja, nikanakili. Ila mimi si mjinga. Ili isionekane nimeiba, nikabadilisha tarakimu. Za kopo jeusi nikaliandikia jeupe, za jeupe nikaliandikia jeusi.

Mwalimu akasoma mara mbili. Akasema ama nimepindua sayansi ya dunia nzima, ama kuna jambo. Akanirudishia, nikafanye kwa mikono yangu. Akaongeza kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikamwambia mgongo wa kinyozi umeshainama vya kutosha.

Mke wangu hakugomba. Alirudisha daftari kabatini, akasema tu kwamba ningemwomba, angenionyesha. Afadhali angenitukana. Nimeona haya mpaka chakula kikapoa.

Ijumaa, 20 Septemba

Haya zimeisha, usingizi umebaki. Leo asubuhi nimemtuma fundi viatu, jirani yangu wa kibanda, akanikalie darasani. Nimemvisha shati langu, kofia yangu na skafu hadi puani, nikamwambia akohoe tu. Jina langu likaitwa, akakohoa. Safi. Kisha mwalimu akamuuliza swali la sehemu. Mpumbavu yule akalijibu sawasawa! Ndipo mwalimu akajua si mimi.

Vipindi hivyo viwili navilipa kesho, Jumamosi, na watu wengine wamelala. Fundi viatu naye ameandikishwa kuanza masomo mwaka ujao. Mwalimu anasema ana kipaji.

Jumatano, 25 Septemba

Makopo yangu yako mlangoni pa kibanda changu tangu asubuhi, kila nusu saa natumbukiza kipimajoto. Wateja wanacheka, mmoja kauliza napika nini. Saa saba jeusi likalipita jeupe kwa nyuzi tisa. Nikapiga kelele kama timu yangu imefunga, na mteja akapoteza nusu ya sharubu.

Vichwa: tisini na mbili. Majaribio ya hisabati nafanya kesho.

Jioni mama mkwe kapiga tena. Nilikuwa nyuma ya mlango, si kwa kusikiliza, nilikuwa natafuta ndala. Nikamsikia mke wangu akimwambia wanaohitimu ni wawili, na pochi atashika mama mwenyewe. Huyu mwanamke ameniwekea dhamana kwa mama yake! Nikiangusha hili, simwangushi mwalimu, namwangusha yeye.

Ijumaa, 27 Septemba

Vipindi: vimetimia. Mradi: umepokewa. Majaribio: nimepata arobaini na moja. Inatakiwa arobaini. Moja nzima ya ziada!

Lakini vichwa: tisini na tisa. Ofisi inafungwa saa kumi, na shuleni hapajabaki mwenye nywele. Mlinzi nimemnyoa, mpishi nimemnyoa, mkuu wa shule ana upara. Saa tisa na nusu nikajinyoa mwenyewe. Mwalimu akasema mtu hajitolei kwa nafsi yake. Sikubishana. Nikakaa chini ukumbini, nikahisi machozi yanakuja.

Mke wangu akavuta kiti, akavua kitambaa. Nywele zake zinafika mabegani, amezikuza tangu kifungua mimba wetu azaliwe. Nikamwambia hapana, nitarudia mwaka. Akasema hakusoma miaka miwili ili apande jukwaani peke yake, na akanikumbusha kwamba kichwa kimoja ni dakika kumi na mbili, kwa hiyo nisimpotezee muda. Sijawahi kunyoa taratibu namna ile. Saa kumi kasoro dakika tatu fomu ikagongwa muhuri.

Amependeza. Nimemwambia mara nne, akanitaka nifagie.

Jumamosi, 19 Oktoba

Tumehitimu! Majoho mawili, vichwa viwili vinang'aa. Mama mkwe amepiga picha arobaini. Katika sita nimo mzima.

Baada ya vyeti, mwalimu wa taaluma akatugawia fomu za chuo, kozi ya miaka miwili. Tumejiandikisha wote wawili. Mke wangu ameshabandika karatasi mpya ukutani jikoni.

Mimi nimesoma masharti mara moja, nikaelewa. Sasa mimi ni msomi. Mahudhurio asilimia sabini na tano. Siku za masomo mia mbili kwa mwaka. Kwa hiyo ninaruhusiwa kukosa robo, yaani siku hamsini, na jibu limekuja bila kalamu! Watu wengine watazitawanya ovyo. Mimi nimeshazipanga zote hamsini mwanzoni mwa mwaka, nizimalize mapema, maana nimeuliza, na wiki za mwanzo hakuna kitu cha maana, wanaelezwa masharti tu.